Miti Mitatu ya Nyuma

Bahasha ilikuwa bado imebanwa kwa pini tatu. Inspekta aliigeuza, akasoma orodha iliyoandikwa juu yake: mkanda wa ngozi mmoja, simu moja, ufunguo wa baiskeli mmoja, miwani ya kusomea moja. Imepokelewa juzi, saa tatu na robo asubuhi. Anayefungua bahasha ya mahabusu lazima aandike jina lake chini ya orodha, na chini ya orodha palikuwa peupe.

Kisha akasoma tena mstari wa mwisho wa maelezo ya kukiri kosa, yaliyoandikwa saa tano ya siku hiyo hiyo. Nimeyasoma mwenyewe maelezo haya, nimeyaelewa, na ninatia sahihi kwa hiari yangu.

"Aliyasoma kwa macho ya nani?" alimuuliza sajini.

Sajini alikuwa na kipande cha mkate mdomoni, akachukua muda wake kukitafuna. Alisema mzee yule anaona vizuri tu, na alitia sahihi bila kofi, bila hata kufokewa. Inspekta akamwambia hakuuliza habari ya kofi, aliuliza habari ya miwani.

Pale kituoni walimwita Mama Kwanini na walidhani hajui. Alijua tangu mwaka wake wa kwanza, na jina halikumkera. Kilichomkera ni faili jembamba, na hili lilikuwa jembamba mno kwa kitu kinachotaka kumla mtu miaka mitatu. Jalada lilisema kuna karatasi sita. Ndani zilikuwamo tano. Iliyokosekana ilikuwa barua ya malalamiko ya kiwanda, na alipoiulizia, sajini alisema itakuwa imechanganyika na mafaili mengine, ataitafuta akipata nafasi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kiwanda cha taka kilijengwa ufukweni miaka sita iliyopita kwa sharti moja kubwa: mtu akiwa mchangani au majini asikione. Ndiyo maana mabanda yalijengwa bondeni, likainuliwa tuta la udongo upande wa bahari, na juu ya tuta ikapandwa mivinje mia mbili na arobaini, ili jicho likutane na majani badala ya makopo na makaratasi ya mji mzima. Lundo la taka zisizofaa kutumika tena lilikatazwa kupita vilele vya miti hiyo. Sasa mivinje ilikuwa imekauka ndani ya wiki mbili. Maabara ilisema ni dawa ya kuua magugu, ile kali inayokaa ardhini. Aliyekuwa mtunza bustani wa kiwanda, mzee aliyefukuzwa miezi mitatu kabla, alikutwa na nusu dumu la dawa hiyo uani kwake. Sajini akaona kazi imekwisha.

Mkuu wa kituo naye aliona hivyo hivyo. Alimwita Inspekta saa mbili asubuhi, akamwambia kwamba mtuhumiwa anapelekwa mahakamani saa nane mchana, kwamba kiwanda kina ajira za watu mia na zaidi, na kwamba hataki kusikia swali jingine juu ya miti.

"Nina mpaka saa nane, basi," Inspekta alisema.

"Huna kitu. Faili limefungwa."

"Faili likishafungwa halipungui karatasi, afande. Hili limepungua moja."

Alipiga saluti, akatoka kabla hajakatazwa sawasawa. Aliandika jina lake chini ya orodha ya bahasha, akatoa pini, akaenda nayo mahabusu.

Mtunza bustani alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kama mtu anayepumzika kivulini kazini. Alikuwa na mikono mikubwa na kucha zilizobaki nyeusi miezi mitatu baada ya kuacha udongo. Inspekta alimpa miwani. Mzee akaivaa, akamtazama kwa makini, akasema kumbe aliyemsikia sauti jana ni mwanamke mfupi, yeye alidhani ni mrefu.

Alimpa maelezo ayasome. Mzee akasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, akamrudishia.

"Hayo siyo maneno yangu. Jina ndilo langu."

"Soma yote."

"Sisomi. Nikiyasoma nitayakariri, nikiyakariri mtasema nilikuwa nayajua."

Alimuuliza kwa nini alitia sahihi, basi. Hapo ndipo mzee alipotazama pembeni. Askari walipokwenda kupekua, mke wake alisimama mlangoni akataka waonyeshe karatasi ya ruhusa, wakamchukua na yeye. Alimsikia upande wa pili wa ukuta akiomba maji. Sajini akamwambia ukiweka sahihi hapa, mama anakwenda nyumbani sasa hivi. Aliweka. Mama akaenda nyumbani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kurudi na chakula na kumgombeza mumewe kwa kuweka sahihi.

"Asubuhi hii amekuja mwingine," mzee alisema. "Kasema nikikubali kosa mbele ya hakimu nitapewa kifungo cha nje, nitalala kwangu. Nimemwambia hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ile miti niliipanda mimi, mmoja mmoja, miaka minne. Mtu akisema nimeiba nitanyamaza kama kunyamaza kutanirudisha kwa mke wangu. Lakini akisema nimeiua, huyo sikubaliani naye hata kwa kulala kwangu."

Hakupandisha sauti. Inspekta alikuwa amewahoji wezi wengi na wasema kweli wachache, akajua huyu yuko kundi dogo. Lakini kujua si ushahidi, na lile dumu, ambalo mzee alisema ni la magugu ya njia ya nyumbani kwake, bado lilikuwa ushahidi. Alimuuliza kama kuna jambo lolote analoweza kwenda kulishika kwa mkono.

"Nenda kaangalie wale watatu," mzee alisema. "Mivinje mitatu ya nyuma, pale kwenye kishimo. Kama wako hai, siyo mimi. Kama wamekufa nao, nifungeni, sitakuwa na shughuli nje."

Ilikuwa saa nne alipofika kiwandani. Mlinzi wa geti alimwandikisha kwenye daftari, akampa kofia ngumu ya njano iliyomfika masikioni. Inspekta alimwomba daftari la funguo. Chumba cha pampu ya kumwagilia kilikuwa na funguo mbili. Wa kwanza ulining'inia ubaoni nyuma ya mlinzi, na mara ya mwisho kuandikwa ni siku ambayo mtunza bustani alifukuzwa na kuurudisha. Wa pili, mlinzi alisema, anao meneja.

"Na tangu mzee aondoke nani anafungulia miti maji?"

"Bosi mwenyewe. Hawajaajiri mwingine. Anakwenda kule nyuma asubuhi, anafungua pampu, anarudi."

Aliomba mtu wa kumwonyesha njia. Akaletewa mama mnene mwenye aproni ya mpira, msimamizi wa mkanda wa kuchambulia taka, ambaye wenzake walimwita Mama Chupa kwa kuwa alianza kazi kwenye chupa na bado aliweza kutambua kiwanda kilichotengeneza chupa kwa kuigonga kwa kucha. Alitembea haraka na kusema polepole. Alipoambiwa wanakwenda kwenye miti, alisimama.

"Nyuma hatuendi, mama. Ni marufuku kwa wafanyakazi. Ukionekana nyuma unakatwa siku."

"Leo umetumwa na polisi."

"Haya. Wakinikata, nitakuja kulala kwako."

Walipita mabanda, wakapita lundo lenyewe. Inspekta aliinua macho. Kwenye karatasi za kibali, alizokwenda kuzisoma jana ofisi ya mipango, lundo lilikuwa na mpaka. Hapa mpaka ulikuwa umesahauliwa. Kilele chake kilikuwa juu ya tuta kwa urefu wa mtu mzima na nusu, na mifuko ya plastiki ilipepea huko juu ikiwaaga waliobaki chini. Mama Chupa alisema mzee alikuwa na mchezo wake: kila Ijumaa akitoka kazini alikwenda kusimama mchangani, ananyoosha fimbo mbele ya jicho lake, anapima lundo na miti. Jumatatu anakuja kumwambia meneja lundo limewazidi watoto wake. Alifukuzwa Jumatatu.

Juu ya tuta mivinje ilisimama kwa mistari miwili, rangi ya kutu, na sindano zake zilianguka kwa kuguswa tu. Chini ya mashina ulipita mpira mweusi wa maji wenye matundu madogo, tundu moja kwa kila mti. Inspekta aliinama kwenye mti wa kwanza, wa pili, wa kumi. Hakutafuta alama za viatu, maana mvua ilikwishapita. Alitafuta majani ya kawaida, yale yanayoota popote. Kuzunguka kila shina kulikuwa na duara la ardhi tupu, iliyoungua, na katikati ya duara, bila kukosea hata mara moja, kulikuwa na tundu la mpira. Kati ya mti na mti majani yalistawi vizuri.

Mtu anayemwaga dawa kwa mkono humwaga kama mtu. Hupita kidogo, hurushia njiani, huchoka akifika mti wa mia. Hapa hakuna aliyechoka.

Mwisho wa mstari, mahali ambapo tuta lilibonyea kidogo, ilikuwapo mivinje mitatu ya kijani kabisa.

Inspekta alipiga magoti. Matundu ya mpira kwenye miti ile mitatu yalikuwa yamezibwa. Kila moja lilichomekwa kijiti kilichochongwa, kikafungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, kazi safi ya mtu asiye na haraka. Utepe ule ulikuwa umeshaanza kupauka. Haukuwa wa jana wala wa mwezi jana. Alichukua picha, akapima, akaandika.

"Hapa maji yanatuama," Mama Chupa alisema bila kuulizwa. "Mizizi ilikuwa inaoza. Mzee akaziba, akawa anawapa kwa kopo, kipimo chao."

"Na alipofukuzwa?"

Mama Chupa alitazama aproni yake. Inspekta alingoja. Alikuwa hodari wa kungoja.

"Aliniomba mimi," alisema hatimaye. "Akasema usiwaache wale watatu. Nachota bomba la kunywea, nawaletea baada ya zamu. Kopo lita tano, kila mmoja. Sasa unajua kwa nini najua nyuma ni marufuku."

"Hukusema polisi walipokuja?"

"Hawakuja. Sajini wenu aliishia ofisini kwa bosi, akanywa soda, akaondoka."

Inspekta aliliandika hilo pia, na alikandamiza kalamu. Hasira ilimpanda wazi, akaiacha ipande. Miti mia mbili thelathini na saba ilikuwa imenyweshwa sumu kupitia mpira wake wenyewe, na mitatu iliyopona ilipona kwa sababu haikunywea mpira. Aliyefanya hivyo alikuwa na ufunguo wa pampu, na hakujua habari ya vijiti. Aliyevichonga alikuwa amekaa sakafuni mahabusu.

Lakini wakili yeyote mwenye usingizi angeuliza: mzee hakuweza kuwa na ufunguo wa tatu? Inspekta alihitaji kitu cha kufunga mlango huo. Akaomba kupelekwa kwa meneja.

Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofani, yenye dirisha pana na harufu ya ndimu ya kopo. Alikuwa mtu wa adabu, suruali imenyooka, sauti laini. Alimpa Inspekta kiti kizuri, akampa pole ya jua, akamsifu kwa kujituma, na Inspekta akajua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliacha apakwe. Akamwomba aeleze hasara.

Meneja alieleza. Alieleza vizuri, kama mtu aliyekwisha kueleza mara kadhaa. Huu ni mzao wa pili wa miti, ule wa kwanza ulikufa kwa ukame. Kibali kinasema miti ikishindikana mara mbili, kiwanda kinaruhusiwa kutumia njia nyingine ya kujificha. Yeye binafsi ameumia sana.

"Pale mbele tuliweka moyo wetu, Inspekta. Kuona mbele kote kumekauka, inauma."

Inspekta aliacha kuandika.

"Mbele wapi?"

Meneja alinyoosha mkono kuelekea baharini bila kugeuka, akimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Pale mbele. Kwenye tuta."

Inspekta aliinuka, akaenda ukutani. Palikuwa na michoro miwili mikubwa ndani ya fremu, ya kuonyesha kiwanda kitakavyoonekana kwa mtu aliyesimama ufukweni. Kwenye wa kwanza mivinje ilikuwa mirefu, minene, na hakuna lundo. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa MWONEKANO WA MBELE. Aliyeuchora alikuwa amesimama mchangani, na kwa mtu wa mchangani hapo ndipo mbele. Mchoro wa pili ulikuwa na kichwa hicho hicho, ila miti haikuwamo. Palikuwa na ukuta mrefu wa mabati uliopakwa rangi ya buluu.

"Watu hawataki kuona taka," meneja alisema nyuma yake. "Ukuta ule utafanana na bahari. Kusema kweli unapendeza kuliko miti."

"Na lundo? Kibali kinasema lisipite vilele vya miti. Ukuta una vilele?"

Meneja alitabasamu, akasema hayo ni ya wanasheria.

Inspekta alisogea karibu na mchoro wa ukuta. Kwenye kona ya chini, kwa herufi za kuumiza macho, mchoraji alikuwa ameandika tarehe aliyomaliza kazi. Ilikuwa tarehe tatu ya mwezi uliopita. Mvinje wa kwanza, kwa taarifa ya kiwanda chenyewe, ulianza kukauka tarehe ishirini.

"Mliagiza ukuta siku kumi na saba kabla ya miti kufa," alisema.

"Mchoraji amekosea tarehe."

"Inawezekana. Nitamuuliza. Naomba pia nakala ya barua ya malalamiko mliyoiandikia polisi, yetu imepotea."

Hilo meneja aliliona dogo, na lilimfurahisha kuulizwa kitu ambacho kipo. Alifungua kabati, akatoa nakala yenye muhuri. Inspekta akaisoma akiwa amesimama. Kisha akatoa maelezo ya kukiri kosa mfukoni, akayaweka kando yake kwenye meza ya meneja.

Barua ilisema: Aliingia kwa mbele akitokea ufukweni, akapita mti kwa mti akimwaga dawa kwenye shina, kisha akatoka kwa njia ile ile.

Maelezo yalisema: Niliingia kwa mbele nikitokea ufukweni, nikapita mti kwa mti nikimwaga dawa kwenye shina, kisha nikatoka kwa njia ile ile.

Sajini hakuwa ameshiriki njama yoyote. Alikuwa mvivu tu. Alichukua barua, akabadilisha mwanzo wa maneno matano, akaiita maelezo ya mtuhumiwa. Mtunza bustani angesema aliingia kwa nyuma. Mlinzi alisema nyuma, Mama Chupa alisema nyuma, na mzee mwenyewe alisema nyuma asubuhi ile ile akiwa na miwani yake puani. Katika kiwanda kizima, mbele ilikuwa geti. Aliyeita bahari mbele ni yule aliyekaa akitazama mchoro.

Alijaza hati ya kuchukua vielelezo: mchoro mmoja, barua moja, ufunguo wa pampu mmoja. Alimwomba meneja atie sahihi. Meneja aliacha kutabasamu, akachukua simu. Alizungumza maneno machache, kisha akampa Inspekta kipokezi.

Mkuu wa kituo alikuwa amepandwa na mori. Alitaka kujua nani alimtuma huko. Alisema aache kila kitu alichoshika, arudi kituoni, na kama anaona kazi imemshinda aseme mapema.

"Nimeshika ushahidi, afande. Siuachi."

"Nimekuamuru."

"Naomba amri hiyo uiandike na uitie sahihi. Nitaiweka kwenye faili. Karatasi ya saba."

Kisha simu ikakatwa. Inspekta alirudisha kipokezi mahali pake taratibu, akakunja hati ambayo haikutiwa sahihi, akaandika juu yake: Amekataa. Alishusha mchoro ukutani mwenyewe, akaubeba kwapani. Ulikuwa mkubwa kuliko yeye, akashuka nao ngazi upande upande.

Chini, kwenye mkanda wa kuchambulia, wafanyakazi walimwona akipita na bahari ya buluu chini ya mkono. Mama Chupa alimuuliza anakwenda wapi. Akamwambia: mahakamani, saa nane.

Alipofika mahakamani alikuta chumba kimejaa nusu. Mke wa mtunza bustani alikuwa benchi la mbele, ameshikilia bakuli lenye mfuniko. Mkuu wa kituo alikuwa upande wa kulia na sajini wake. Meneja aliingia akiwa ametia koti, akakaa karibu na mlango mdogo wa ubavuni, ule wanaopitia makarani. Inspekta alisimamisha mchoro ukutani, akasimama kando yake, na Mkuu akamfanyia ishara ya kichwa kwamba atoke. Hakutoka.

Karani alikuwa ameanza kusoma shtaka, mlango mkubwa ulipofunguliwa. Waliingia watu wa mkanda wa kuchambulia, wanawake kwa wanaume, na aproni zao za mpira na viatu vyao vya shingo ndefu, na harufu yao. Walikuwa arobaini na zaidi. Mkanda ulikuwa umezimwa, na aliyeuzima ni Mama Chupa, aliyetangulia mbele yao. Hakimu aliwatazama juu ya miwani yake, akasema wakae kimya au watoke. Wakakaa kimya, waliokosa viti wakasimama.

Mzee aliulizwa kama ni kweli au si kweli.

"Si kweli," alisema. Sauti yake ilifika mlangoni.

Mwendesha mashtaka aliomba mtuhumiwa asipewe dhamana kwa kuwa alikwishakiri, na akaomba ruhusa ya kusoma alivyokiri kwa maneno yake mwenyewe. Akaruhusiwa. Alisimama vizuri, akasoma kwa sauti ya redio:

"Niliingia kwa mbele..."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka. Ilimtoka tu, kama chafya. Kisha akacheka wa pili. Mwendesha mashtaka akarudia, akidhani hawakusikia, "niliingia kwa mbele nikitokea ufukweni," na chumba kizima cha aproni kikapasuka. Waliegemeana, walijipiga mapaja, mmoja aliketi chini kabisa kwa kukosa nguvu. Hata mlinzi wa geti, ambaye Inspekta hakuwa amemwona akiingia, alifuta machozi kwa kofia.

Hakimu aligonga meza mara tatu kabla hawajatulia. Alitaka kujua kinachochekesha, na kama hakuna atakayemweleza, wote watalala ndani. Hakuna aliyetaka kusema. Basi mtunza bustani akaomba aseme yeye.

"Mheshimiwa, kwetu mbele ni getini. Baharini ni nyuma. Hata mtoto wa mfanyakazi anajua. Mimi nimefanya kazi nyuma miaka minne, siwezi kuingia nyuma kwa mbele."

"Nani basi anayeita baharini mbele?"

Mzee alirekebisha miwani yake. "Anayekiangalia kiwanda kwenye picha."

Vichwa viligeuka kwenye mchoro uliosimama ukutani, wenye maandishi makubwa juu. Inspekta aliomba ruhusa ya kuzungumza. Mkuu aliinuka, akasema ofisa huyo hana idhini. Hakimu akamuuliza Mkuu kama yeye ndiye anayetoa idhini humu ndani, na Mkuu akakaa. Inspekta alitoa bahasha ya miwani yenye saa na jina lake. Akatoa barua na maelezo, akasoma sentensi moja ya huku na moja ya huku, bila kuongeza neno. Akaonyesha picha za vijiti, akataja tarehe tatu na tarehe ishirini. Sajini alitazama viatu vyake mwanzo hadi mwisho.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema maelezo yale hayatapokelewa, mtuhumiwa yuko huru kwa dhamana yake mwenyewe, na polisi warudi hapa baada ya siku saba na faili lenye karatasi zote. Akamuuliza mzee kama ana la kusema.

Mzee hakumtazama hakimu, wala Mkuu, wala mke wake aliyekuwa amesimama na bakuli. Alimtafuta Mama Chupa kati ya watu.

"Wale watatu umewapa maji leo?"

"Bado. Si tumekuja huku?"

"Basi nitawapa mimi."

Watu wakaanza kuinuka. Katika kelele za viti, meneja aliinuka naye, akafunga kifungo cha koti, akashika kitasa cha mlango mdogo wa makarani. Inspekta alikuwa amefika kabla yake. Aliweka kiganja juu ya mlango, na kwa mkono wa pili akamwonyesha mlango mkubwa, kule walikosimama watu wa aproni wakingoja, wakiwa wamenyamaza sasa wote.

"Meneja," alisema, "mbele ni kule."